Kionjo Nilichosema Nimekichoma

Tabora nzima, toka Ipuli mpaka Ng'ambo, toka stesheni mpaka kule porini wanakorina asali, hakuna binadamu anayependa salamu za redio kunizidi mimi. Sisemi kwa majivuno. Nasema kama mtu anavyosema leo ni Jumanne. Jina langu la nyumbani ni Shija. Jina langu la hewani, ambalo ndilo jina hasa, ni Shija Mtoto wa Antena, na ukilitaja karibu na kipaza sauti chochote cha kata yetu lazima mtu apige mluzi.

Kwa wageni nieleze. Kila jioni redio ya kata hutoa saa moja. Unajaza kadi yako, unaandika majina ya watu unaotaka kuwasalimu, chini unaweka ujumbe, mtangazaji anasoma. Basi. Hakuna picha, hakuna kubonyeza, hakuna sura yako kuruka ukutani na kucheza sebuleni kwa jirani. Katika karne hii ambayo friji inakuuliza umelalaje, sisi bado tunakaa kimya tukisubiri mtu asome majina kutoka kwenye karatasi. Wanatuita masalia. Sisi tunawatumia salamu.

Tatizo ni kwamba saa hiyo moja kila kikundi kinaitaka. Wafuga njiwa wanaitaka. Wapamba baiskeli wanaitaka, ingawa sijui baiskeli itapambwaje redioni. Wapo hata wanaokusanya milio ya simu za zamani za batani, watu wazima na akili zao, wanafumba macho wakisikiliza simu inayoita bila mtu kupokea. Ndiyo maana kila mwaka kuna Pambano la Vionjo, na anayeshinda anaichukua saa. Sisi wa salamu tulikuwa nayo tangu enzi za babu. Mwaka huu kila mtu alisema tunaipoteza.

"Kila mtu" maana yake ni Kashindye.

*

Kashindye alikuja kibandani kwangu nyuma ya soko, mahali ninapofanyia kazi ya ufundi wa vionjo, akakaa juu ya meza yangu kama vile kainunua. Yeye ndiye mwenyekiti wa wapenzi wa muvi za kutafsiriwa, zile za kale ambazo mtu mmoja anaongea juu ya sauti za watu wote.

"Nimekuja kukupa pole mapema," akasema. "Ukumbini kutakuwa na kelele."

"Pole ya nini? Nyinyi mnaangalia muvi ambayo hata mbwa akibweka kuna mtu anamtafsiria."

"Na anamtafsiria vizuri! Mbwa anasema, 'Jambazi kaingilia dirisha la jikoni, mke wa bosi ndiye aliyemfungulia.' Mbwa wako wa kawaida atakwambia hayo? Nyinyi mna nini? Majina. Hata mwalimu wa darasa la pili anasoma majina asubuhi, mbona hatumpigii makofi?"

"Dada Kashindye, mapenzi hayajadiliwi. Yanaonjwa."

"Haya, nionjeshe."

Hapo ndipo nilipojikwaa kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikavaa kofia ya kusomea, ile ya waya laini inayobana utosi kama mkono wa kinyozi mwenye haraka. Nikafumba macho, nikawaza salamu. Mashine ikakoroma, ikatema kibandiko kidogo chenye ukubwa wa ukucha wa kidole cha mwisho. Hicho ndicho kionjo. Ukikibandika nyuma ya sikio, unasikia kile mwenzako anachosikia anapofanya kile anachokipenda. Si picha wala sauti tupu. Ni ile hamu yenyewe, ikiwa na joto lake. Zamani watu waligombana kwenye vijiwe mpaka usiku kuhusu timu ipi bora na mchezo upi mtamu. Siku hizi unambandika mbishi, ananyamaza.

Nilimbandika Kashindye, nikasubiri anyamaze.

Kwanza akakunja uso. Halafu akaanza kutabasamu, tabasamu baya, la mtu aliyeona soksi yako imetoboka.

"Naam?" nikasema. "Umeona utamu?"

"Ngoja... Hapa kuna kijana kakaa kwenye kiti. Redio inasoma majina. Majina yanapita tu, kama feni inavyozunguka. Mara linasomwa la kwake. Lo! Moyo unaruka, masikio yanawaka moto, anatazama dirishani kama majirani wamesikia." Akafungua macho. "Halafu anazima redio."

"Sizimi!"

"Unazima, Shija. Nimesikia kidole chako kwenye swichi."

"Betri hizo, zilikuwa—"

"Wewe hupendi salamu. Unapenda Shija kutajwa." Akakibandua, akanirudishia kiganjani kwa ncha za vidole. "Mlikuwa na mtu mmoja tu wa kututisha, Bi Nyamizi. Naye mlishamng'oa. Ulimng'oa kwa mikono yako mwenyewe, fundi."

Akashuka mezani, akaenda zake akitafsiri nyayo zake kwa sauti nzito: "Na hapo mwanadada anaondoka, akijua kwamba ameshashinda!"

*

Kung'oa na kunakili ni vitu viwili tofauti. Ukinakili, hamu yako inabaki kwako na kionjo kinakuwa kivuli chake. Uking'oa, inatoka yote na mizizi. Serikali inaruhusu kung'oa kwa wacheza kamari na watu wa namna hiyo, kwa hiari yao, na kilichong'olewa lazima kichomwe. Sababu ni hii: kionjo cha kung'oa ukimbandika mtu baki, anaonja, kinaisha nguvu, yameisha. Ukimbandika mwenyewe, kinarudi kwenye udongo wake, kinashika, na haking'oki tena mpaka kaburini.

Bi Nyamizi alikuja kung'olewa baada ya arobaini ya mumewe, Mzee Hangwa. Hao wawili ndio walikuwa salamu zenyewe. Hewani waliitwa Bwana na Bibi Masafa, na ujumbe wao haukuwahi kubadilika tangu sijazaliwa. Watu wengine waliandika mashairi, wengine vitisho kwa wadeni. Wao waliandika neno moja tu: "Tupo."

Mimi ni mjukuu wake wa ujirani, na kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mume wangu mdogo, akinisimanga mbele za watu kwamba sileti hata kilo ya sukari nyumbani. Siku ile hakunisimanga. Alisema, "Shija, kila jioni redio ikifunguliwa siwezi kumeza chakula. Kitoe."

Nikakitoa. Nikamuuliza kama anataka kushuhudia kikichomwa, maana ni haki yake.

"Choma mwenyewe. Mimi nakaa nje, nikisikia harufu inatosha."

Basi nikachukua kibandiko kitupu, nikakitupa kwenye jiko la mkaa. Kikatoa moshi mweusi na harufu ya kandambili inayoungua. Yeye pale uani akavuta pumzi, akajifunga kanga vizuri, akaenda. Kile cha kweli nilikiweka kwenye kikopo cha rangi ya viatu. Nyie mngefanyaje? Mtu akikuletea debe la asali ya nyuki wadogo akasema mwaga mtaroni, utamwaga?

Nilishakionja, ndiyo. Mara moja tu, kwa ncha, nikakibandua kabla hakijachoka. Kuna vigoda viwili uani. Redio iko juu ya sufuria iliyofunikwa kifudifudi, ili sauti ivume. Mzee anamenya karanga. Yanasomwa majina, na kila jina linaingia na mtu wake: huyu alivunjika mguu, huyu binti yake kaposwa, huyu tulidhani kafa kumbe yupo Urambo. Bi Nyamizi hasubiri jina lake. Anasubiri ya wengine, moja moja, kama mtu anayehesabu watoto wakirudi kutoka shule. Na mwisho kabisa, "Bwana na Bibi Masafa, ujumbe wao: tupo," mkono wake unakwenda wenyewe upande wa kulia, unapata goti la mzee, unatulia.

Kukilinganisha na changu ilikuwa kulinganisha ngoma na kopo.

*

Mkesha wa Pambano nilikwenda kwake alasiri, kikopo kikiwa mfukoni. Nilikwenda kuomba ruhusa. Naapa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Alikuwa akichambua mchicha. Hakuniuliza sukari.

"Ukisikia salamu siku hizi, unajisikiaje?"

"Kama nikisikia bei ya mahindi ya mji mwingine."

"Hujutii?"

Akatupa bua kwenye beseni. "Nakula, Shija. Nalala. Jana nimelala mpaka jogoo akachoka. Unataka nini tena kwa kizee kama mimi?"

Nilitazama uani. Vigoda vilikuwa viwili bado. Kimoja alikikalia, kingine alikuwa amewekea ndoo. Nikafungua mdomo niseme, Bibi, kionjo chako ninacho, naomba mtu mmoja akionje ili saa yetu isichukuliwe na watu wanaotafsiri mbwa. Sentensi nzima ilikuwa imeshapangwa. Kilichotoka ni, "Mchicha mzuri huu."

"Kile kitu ulikichoma vizuri?"

"Vizuri sana, Bibi."

"Nilisikia harufu."

"Ndiyo hiyo."

Akatikisa kichwa. "Kesho nitakuja ukumbini. Wamesema kuna chai na maandazi."

Nikaondoka nikijiambia kwamba hakuna ubaya. Ataonja mtu baki, kitaisha nguvu, na hapo ndipo kitakuwa kimechomwa kweli, kwa njia ya heshima zaidi. Mimi nikijitetea, hata hakimu hulia.

*

Ukumbi wa kata ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani, na nitasema ukweli wangu wote: ilikuwa raha kutazama. Wafuga njiwa walivaa manyoya kofiani. Wapamba baiskeli waliingia wakiziendesha, taa na vioo vikimetameta, wakazunguka jukwaa kwa kengele. Wale wa milio ya simu walikaa pembeni wakitetemeshana kwa furaha. Kila mtu aliamini mwenzake ni kichaa na kila mtu alimpigia mwenzake makofi. Sisi wa salamu tulisimama kwenye kona yetu na mabango ya majina yetu ya hewani, na mimi mbele kabisa, shati limepigwa pasi hadi linakata.

Msimamizi alikuwa Mwalimu Ntabo, ambaye ameliendesha Pambano tangu lianze. Aliirudia sheria yake anayoipenda: anayeonja lazima asiwe na hata chembe ya hamu ya kitu anachoonjeshwa. Mtu anapimwa kwanza kwa kofia, mshale wa mashine ukigusa sifuri ndipo anabandikwa. Kisha anapewa kipaza sauti aseme alichokiona, na mshale unapanda kadiri alivyoguswa.

Zamu ya Kashindye, aliyeonja alikuwa mfuga njiwa mmoja mkavu, mtu asiyecheka hata akitekenywa. Walipombandika alicheka mpaka akateleza kwenye kiti. Akapewa kipaza sauti akiwa bado chini. "Mbwa!" ndilo neno pekee aliloweza kulitoa. Ukumbi ukalipuka. Mshale ulipanda hadi nyekundu, ukakaa huko.

"Salamu!" akaita Mwalimu Ntabo.

Nikapanda jukwaani. Mfuko wa shati ulikuwa na kionjo changu halali, kile cha kidole na swichi. Mfuko wa suruali ulikuwa na kikopo.

"Tutafute mwonjaji," akasema Mwalimu.

Na hapo likatokea ambalo sisi watu wa salamu, kwa akili zetu zote, hatukuwahi kulifikiria. Hapakuwa na mwonjaji. Walimvisha kofia mpamba baiskeli wa kwanza: mshale ukacheza. Mama yake alikuwa akipika na redio imewashwa. Wakamvisha wa milio ya simu: ukacheza. Babu yake alisomwa siku ya harusi. Kumi walipimwa, sijui ishirini, kila mmoja alikuwa na jikoni fulani kichwani, na redio juu ya kabati, na jina la mtu wake likisomwa. Hata Kashindye mwenyewe alivishwa, na mshale ukaruka hivi! Akaivua kofia haraka akasema mashine mbovu. Nilijipiga kifua kwa fahari mbele ya watu wote. Mji mzima wetu! Hamtupendi lakini mmetubeba!

"Bila mwonjaji, kikundi kinaondolewa," akasema Mwalimu Ntabo, na sauti yake haikufurahi.

Kifua kikanywea.

"Yupo!" Kashindye alikuwa amesimama juu ya benchi, akinyoosha kidole, maana alitaka kionjo changu kianguke mbele ya watu. "Bi Nyamizi! Yule aling'olewa. Yule ni sifuri kamili!"

Bi Nyamizi aliinua uso kutoka kwenye andazi lake. Akatazama kulia na kushoto, kama kuna Nyamizi mwingine. Akafuta vidole kwenye kanga, akapanda. Kofia ikavishwa. Mshale haukutikisika. Watu wakaacha kutafuna, kwa sababu kila mtu pale alizijua zile salamu na alijua ni nini kilichokuwa mahali pale patupu.

Akaketi kwenye kiti cha kuonjea. Cha kulia kwake kilikuwa kitupu.

"Kinauma?" akaniuliza.

"Hapana, Bibi."

Sasa fikiria. Nikitoa cha shati, ataona kijana anayezima redio, mshale utalala, na saa yetu itaisha kwa aibu, mbele ya Kashindye. Nikitoa cha kikopo, kitarudi kwenye udongo wake. Chakula kitamkwama tena. Usingizi wa mpaka jogoo achoke utakwisha, na safari hii hakuna fundi duniani wa kumsaidia. Alikwishaniambia anachotaka, kwa maneno ya wazi, akiwa na akili timamu. Ningeweza kuinama nikamnong'oneza. Sikio lake lilikuwa hapo hapo, nalishika. Bibi, unataka kurudishiwa? Maneno matatu tu, na angekuwa na nafasi ya kusema hapana.

Nikawatazama wenzangu kwenye kona, na mabango yao. Nikatazama mshale. Nikajiambia nafanya kwa ajili yake, na kwa muda ule mfupi niliamini kabisa.

Nikafungua kikopo kwa kidole gumba nikiwa nimewapa watu mgongo, nikambandika.

Hakuna kilichotokea. Watu wakaanza kukohoa. Kisha nikaona mkono wake wa kulia ukiondoka pajani, polepole, ukienda upande wa kile kiti kitupu. Ulipapasa hewani, kwenye kimo cha goti. Ukakosa. Ukapapasa tena, ukashuka, ukapata ukingo wa kiti, ukaushika.

Akatoa sauti ambayo sikuijua kama ni kilio au kicheko mpaka nilipomwona usoni, na hata hapo sikujua. Machozi yalikuwa yanatiririka na meno yote yalikuwa nje. Mshale ulipita nyekundu ukagonga ukingo wa kioo, tii, ukakaa pale unatetemeka.

Ukumbi uliinuka. Wafuga njiwa walirusha kofia. Wapamba baiskeli walipiga kengele zote kwa pamoja. Kashindye alishuka kwenye benchi lake taratibu, akavua miwani, akasahau kutafsiri. Na kona yetu ikaanza kuimba, "Mtoto wa Antena! Mtoto wa Antena!" Jamani, mimi ni mtu. Nilinyoosha mikono juu. Niliinama kushoto, nikainama kulia. Nikawaza jinsi kadi ya kesho itakavyosomeka.

"Kionjo cha namna hii sijakiona tangu tuanze," akasema Mwalimu Ntabo. "Shija, kumbe tulikudharau. Bi Nyamizi, tuambie, umeona nini ndani ya moyo wa kijana huyu?"

Akampa kipaza sauti. Ukumbi ukatulia wote kwa mara moja, kama jioni zile redio inapokwaruza kabla ya kuanza.

Hakukohoa. Hakutafuta maneno. Alikaa wima, akakiweka kipaza sauti mbali kidogo na mdomo, kama anavyofanya mtu aliyezoea hewa.

"Mimi ni Bibi Masafa, nikiwa hapa ukumbini Ng'ambo," akaanza, na sauti ilikuwa ile ile. "Salamu ziwafikie wafuga njiwa wote, na pole kwa yule aliyeanguka kwenye kiti. Ziwafikie wapamba baiskeli, na akina mama waliopika redio ikiwa imewashwa. Zimfikie Kashindye, ambaye mashine yake si mbovu."

Watu walicheka wakilia. Mimi nilicheka pia. Nilikuwa nimeshaanza kushuka ngazi za jukwaa, kwa upole, kama mtu aliyekumbuka kwamba ameacha maharage jikoni.

"Za mwisho, na hizi mtangazaji azisome polepole, zimfikie mume wangu mdogo, Shija Mtoto wa Antena, popote alipo kwenye ngazi hizo. Yule ambaye hajawahi kuniletea hata kilo ya sukari. Aliyechoma kitu nikasikia harufu."

Mguu wangu ulibaki hewani. Ukumbi mzima uligeuka.

Bi Nyamizi alipapasa tena kile kiti cha kulia, mara hii bila kutafuta, akakiacha kiganja chake kimetulia pale.

"Ujumbe," akasema. "Tupo. Wote wawili. Na sote tumekuona."